Nilitibu kidonda, kumbe ugonjwa uko kwenye mishipa

Nauza viazi Uyole, Mbeya, kazi ya kusimama tangu lumbesa zinaposhushwa alfajiri hadi jioni. Kidonda kilianza na mkwaruzo mdogo juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Kikakaa miezi 14.

Sokoni walikiita donda ndugu, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Nilikimwagia unga wa kapsuli za rangi mbili, nikakisugua kwa spiriti hadi machozi. Majimaji yakazidi kulowanisha khanga. Jioni mguu ulivimba, ngozi ya pembeni ikawa nyeusi, ngumu, inawasha. Nikapimwa kisukari, sina.

Nesi aliyenisaidia hakuanza na kidonda. Alinisimamisha, akatazama mishipa iliyojisokota nyuma ya goti. Akaniambia mishipa inayorudisha damu juu ina vali kama vilango. Vikichoka, damu inarudi chini na kutuama kifundoni, ndiyo maana ngozi haiponi. "Mama, dawa ya mguu huu ni kubanwa." Nusura nicheke. Antibayotiki hakunipa, kwa kuwa kidonda hakikuwa na maambukizi.

Ila hakunibana hivi hivi. Alilinganisha kwanza presha ya mkononi na ya kifundoni, kwa sababu mtu ambaye damu haimfiki vizuri miguuni, bendeji hiyo inaweza kumuozesha vidole. Tafadhali msijifunge wenyewe nyumbani kabla ya kipimo hicho.

Akaosha kwa maji safi, akaweka gozi isiyonata, akazungusha pamba, kisha bendeji kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti, kifundoni imekaza zaidi. Usiku wa tatu nilishindwa, nikaifungua. Asubuhi mguu umejaa, na nesi alinisema kama mtoto. Sikurudia. Heri ilikuwa Julai, kwa baridi ya Uyole bendeji ile ilikuwa blanketi.

Nikanunua kigoda, nikawa nauza nimekaa huku nikichezesha kifundo. Wateja wakaniita bibi harusi. Niliweka matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kulalia nyayo.

Mwezi wa tano tangu nianze kubanwa, kidonda kikafunga. Sasa navaa soksi za kubana kila asubuhi kabla sijashuka kitandani. Bei yake iliniuma kuliko dawa zote, na ya kushoto imeanza kulegea, kwa hiyo gunia la kwanza wiki hii ni la soksi.