Siku yangu msimu wa karafuu, na daftari la Baiolojia

Saa 11 alfajiri. Nimeshasali. Watu husema huu ndio wakati wa kusoma, akili imetulia. Labda akili zao. Mimi saa hii naweza kupitia ukurasa mzima nisibakie na neno, kwa hiyo siku hizi sijisumbui. Daftari nalitia mkobani, kukipambazuka namsaidia mama kutandika majamvi uani ili karafuu zipate jua la mwanzo.

Saa 1 na nusu. Gari ya Wete, kutoka Piki, huku Pemba. Imejaa, nimesimama.

Saa 2. Nafungua duka la fotokopi ninapofanya kazi. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na mimi nitaufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa hiyo wanafunzi wanaoleta pasti pepa hawajui wanavyonisaidia. Kila karatasi ikipita mashineni nachukua swali moja. Naliandika upande wa nyuma wa kopi iliyoharibika, najibu bila kufungua kitabu, mteja akiingia naacha. Mara nyingine huishia mistari miwili.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walizirudia kusoma, wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliorudia walikumbuka asilimia 42, waliojijaribu 56. Nami naongeza langu: swali likinishinda, hukereka, na kukereka huko kunanifungulisha kitabu kuliko ratiba yoyote niliyowahi kubandika ukutani.

Saa 9. Wingu limetanda. Nampigia mama, mdogo wangu keshaanua karafuu zote. Alhamdulillahi.

Saa 2 usiku. Tumekaa barazani tunachambua karafuu zilizochumwa leo, mama, shangazi na mimi. Karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. (Makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta kule Wawi.) Hapa ndipo ninaposoma kwelikweli, maana shangazi hakubali kukaa kimya.

"Haya, leo unatusomesha nini?"

Nikamweleza Mendel, yule mtawa aliyepanda njegere bustanini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Alichanganya mirefu na mifupi, watoto wote wakatoka warefu. Akaiacha hiyo ijizalishe yenyewe, ufupi ukarudi.

"Ulikuwa umejificha wapi?"

Nikachukua karafuu moja, ndiyo urefu, na konyo moja, ndiyo ufupi, nikaviweka mbele yake: huyu baba. Jozi nyingine kama hiyo: huyu mama. Kila mzazi anampa mtoto kimoja tu. Tukazipanga pamoja: karafuu na karafuu, karafuu na konyo, konyo na karafuu, konyo na konyo. Penye karafuu hata moja, mche ni mrefu. Watatu warefu, mmoja mfupi.

Shangazi akazitazama, akacheka. "Kwa hivyo mwenye watoto wanne lazima mmoja awe mfupi? Mbona wa kwangu wote warefu?"

Hapo nikanyamaza. Uwiano wa tatu kwa moja naujua kwa moyo, lakini hilo la lazima sikuwahi kujiuliza.

Saa 4. Mama kaingia kulala. Mimi nimefungua kitabu, na hakuna aliyenituma. Mendel alihesabu miche 787 mirefu na 277 mifupi. Hata yeye haikumtokea tatu kwa moja kamili. Kila mtoto huchota upya, waliomtangulia hawamhusu. Tena urefu wa binadamu hauendeshwi na jozi moja kama wa njegere, ni jozi nyingi pamoja na chakula anachokula mtu. Nikamwambia shangazi dirishani.

"Ahaa," akasema, anakung'uta kanga. "Basi kesho nataka mapacha. Mbona wengine wanafanana na wengine hawafanani?"