Mtaimbo Kwanza, Ndoana Baadaye

Shemeji alikataa nisiguse ndoana kabla sijajua kushika mtaimbo. Tulikuwa ukingoni mwa ziwa Minnetonka lililoganda barafu, jimboni Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Desemba, tukienda kuvua kupitia matundu ya barafu. Wengine walikuwa wameshakaa katikati ya ghuba wakivua, na macho yangu yote yalikuwa huko. Akanipa ule mtaimbo wenye ncha bapa. "Piga mbele yako, shemeji, usipige miguuni. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, geuka urudi ulikotoka."

Tukaenda hivyo: pigo, hatua, pigo, hatua. Kila baada ya mwendo mfupi alitoboa kwa kekee, akashusha rula yenye kulabu mpaka ikashika upande wa chini wa barafu. Inchi 5. Mbele kidogo, 6. Idara ya Maliasili ya jimbo inashauri zisipungue inchi 4 kwa mtu anayetembea kwa miguu, na hapo ni barafu mpya, ngumu na angavu. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nusu tu ya nguvu hiyo, kwa hiyo unene wake lazima uwe maradufu. Nikauliza mbona ziwa ni moja na vipimo vinatofautiana. Akanieleza kuwa theluji ni blanketi: ikitanda mahali, baridi haifiki chini vizuri na barafu huchelewa kunenepa.

Shingoni kila mmoja wetu alivaa kamba yenye misumari miwili ya vishikio vya mbao. Shemeji alinilaza kifudifudi pale pale, watu wakitazama, nionyeshe kwa vitendo. Ukizama unageukia ulikotoka, maana barafu ile ndiyo iliyokubeba. Unachomeka misumari, unapiga miguu kama mtu anayeogelea, na ukishatoka husimami, unabingirika. Naamini kila anayeingia ziwani afanyishwe zoezi hilo kabla ya kuonyeshwa samaki hata mmoja.

Blugili, samaki wadogo wa maji baridi, walikuwa juu ya magugu, kwenye kina cha mita 3 hivi. Shemeji alichagua magugu ambayo bado ni mabichi, kwani ndiko kwenye wadudu. Mshipi mwembamba, ndoana ndogo yenye kizito cha tangsteni, madini mazito, na buu moja la chambo. Blugili havuti, anafyonza chambo na kukitema mara moja, ndiyo maana ncha ya kijiti cha kuvulia ina waya laini wa kuonyesha hata mguso mdogo. Jicho linabaki kwenye waya. Unakiacha chambo juu kidogo ya samaki, unakipandisha polepole, na yeye anakifuata. Madume makubwa tuliyarudisha majini. Hao ndio walinzi wa viota, na wakivuliwa wote wadogo huanza kuzaa mapema, ziwa likabaki na samaki waliodumaa.

Mchana walipoacha kula, nilipendekeza tuhamie ghuba ya pili. Kati yake na yetu palikuwa na mlango mwembamba wa maji chini ya daraja, na nyayo za watu zilionekana zikipita moja kwa moja. Shemeji hakuziangalia sana. Tulipokaribia aliniambia nibaki nyuma na kamba, akasogea taratibu, akapiga. Mtaimbo ukazama kwa pigo la kwanza, na maji meusi yakapanda yakatanda juu ya theluji hadi karibu na viatu vyake. Akarudi kinyumenyume, akiburuta nyayo bila kuziinua.

"Nyayo haziwezi kukuambia zilipigwa lini," alisema. Maji ya chini ya ziwa wakati wa baridi huwa na joto la nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na mkondo wa mlangoni unayapandisha, yanaila barafu kwa chini huku juu pakionekana pazuri kabisa. Tukatoka hadi nchi kavu, tukazunguka kwa gari, tukaanza upya kupima.

Jioni ilipokaribia tulikuwa juu ya kina cha mita 7. Krapi, samaki wengine tuliowafuata, hawalali sakafuni, wanaelea katikati ya maji, hivyo tuliweka chambo juu yao. Waya wangu ulikuwa umeinama kwa uzito wa ndoana, mara ukanyooka. Nilidhani mshipi umekatika. "Inua, shemeji! Krapi anakula akipanda!" Nikainua, uzito ukaja. Mdomo wa krapi ni ngozi nyembamba, ukivuta kwa pupa unachanika, nikamleta taratibu mpaka kichwa kikatokea tunduni, na shemeji akamdaka kwa kiganja. Sheria ya Minnesota ingemruhusu kila mmoja wetu kubeba hadi krapi 10 kwa siku. Tulisimama kabla ya kufika huko, mwanga ukiwa bado unatosha kuona barafu tunayoikanyaga.