Siku moja maishani mwangu: kumtorosha Barghash mbele ya kamera

Saa 11 alfajiri. Chumba cha maleba kiko wazi na Bi Fundi anapiga pasi mashela. Tamthilia yetu ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ilipochezwa jukwaani, wanawake wote wa jumbani walivaa kanga, na hakuna aliyelalamika. Jukwaani kanga yatosha kusema huyu ni mwanamke wa Unguja. Lakini kisa ni cha 1859, na kanga hizi za leo zilienea baadaye katika karne ile. Buibui nalo halijafika. Basi wajakazi wamevalishwa merikani na kaniki, mabinti wa Seyyid Said wana suruali za marinda, kanzu za hariri na barakoa. Mimi niliyeigeuza tamthilia kuwa skripti ya filamu ndiye niliyewaletea balaa hili, na Bi Fundi hachoki kunikumbusha.

Saa 1 asubuhi. Chai ya maziwa, mandazi na kesi. Dada anayecheza nafasi ya Khole, dada yao Salme na Barghash, amenikalia mbele na skripti mkononi. "Mwalimu, maneno yangu yamekwenda wapi?"

Ana haki ya kuuliza. Jukwaani, Barghash anatoroka nyuma ya pazia, kisha Khole anaingia na kusimulia jinsi walivyomvusha: kurasa nne, na watu wakimpigia makofi kila usiku. Nimezifuta zote.

"Sasa hutasimulia dada, utatenda."

"Kutenda! Hata mbuzi anatenda."

Kisa chenyewe kimo kwenye kumbukumbu alizochapisha Salme kule Ujerumani mwaka 1886. Barghash alitaka kumpindua kaka yake Majid, aliyerithi Unguja baada ya baba yao kufa safarini baharini mwaka 1856. Njama ikavuja, nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Dada zake wakawaendea askari wenyewe, wakajitambulisha, wakaomba kuingia kumwona ndugu yao. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao kavishwa shela, yamebaki macho tu, na pembeni yake wamepangwa wanawake warefu kuliko wote ili urefu wake usimsaliti. Jambo kama hilo ukimpa mtu alisimulie mbele ya kamera, umelidhulumu.

Saa 4. Mazoezi ya kutembea. Barghash wetu amejaa kifua na anatembea kama anayekwenda kudai deni. Akina mama wa kundi wanamfundisha: fupisha hatua, legeza mabega, shela ishike kwa ndani. Tatizo ni mkono. Kila anapoikaza shela chini ya kidevu, kiganja kinachomoza, kipana, vinyweleo hadi kwenye vifundo. Bi Fundi anataka kuongeza kitambaa. Mwongozaji anamzuia, anautaka mkono ule ule, na askari mmoja autazame muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza. Hilo halikuwa kwenye skripti. Nimeliandika haraka kabla hajasahau kwamba ni wazo lake.

Adhana ya adhuhuri inasimamisha kila kitu. Wali, mchuzi wa pweza, swala, na fundi sauti kalala kwenye mkeka.

Saa 9 mchana. Salme mdogo anajifunza kuandika. Kwenye tamthilia ni nusu sentensi, inapita. Mimi nimeifanya onyesho zima, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo: msichana aliyejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndiye aliyekuja kuwa karani wa njama akiwa na miaka 15 tu. Mfupa wetu ni wa ng'ombe (msimwambie mtu). Mtoto anachovya kalamu ya mwanzi, wino unateleza juu ya mfupa kabla haujashika, na herufi inavimba tumbo. Anaifuta kwa kidole na kuanza upya, ulimi nje. Hakuna aliyemwagiza huo ulimi.

Saa 11 jioni. Tunatafuta pembe ya kamera juu ya paa la Mji Mkongwe. Pazia letu la jukwaani lilichorwa jumba la Beit al-Ajaib, ambalo Barghash mwenyewe alilijenga mwaka 1883 akiwa Sultani. Kuliweka nyuma ya Barghash anayetoroka ni kumpa ushindi miaka 24 kabla. Likitoka hilo, zinabaki nyaya za umeme na madishi. Tumeshuka uchochoroni.

Saa 2 usiku. Mlango, taa ya mafuta, wanawake wanatoka. Askari anautazama mkono. Khole anajipenyeza kati yao na kuushika, kama dada anayemsaidia mwenzake kuvuka kizingiti, kisha ananong'ona: "Usikimbie." Sikuliandika neno hilo. Mwongozaji ananigeukia. Nimesema libaki, na dada kanipita bila kunitazama, amenuna kwa furaha.

Saa 5 usiku. Mtayarishaji anauliza kuhusu vita vya shamba la Marseilles, huku huku Unguja, ambako Majid akisaidiwa na Waingereza alimshinda Barghash, kisha Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Anataka majeshi, mfuko wake unataka ngoma mbili nyuma ya pazia, kama jukwaani. Nimemwandikia kwamba kamera ibaki na Salme na Khole mjini, mizinga isikike, isionekane.

Amejibu: "Na farasi?"

Na farasi pia.