Mlango wa Nyumbani

Krismasi ya mwaka 2016 iliangukia Jumapili, nami nilikuwa na umri wa miaka 19, nikiwa katika mwezi wa tatu wa misheni yangu, yaani utumishi wa kuhubiri injili mbali na nyumbani. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, vijana wa kiume hutumikia miaka miwili na wasichana miezi 18, na katika muda huo wote mmisionari hapangi likizo ya kwenda kuwaona wazazi. Wakati ule tuliruhusiwa kuandika barua pepe mara moja kwa wiki, katika siku ya maandalizi, yaani siku ya shughuli zetu binafsi, na kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka: Siku ya Mama na Krismasi. Utaratibu huo ulibadilishwa Februari 2019, na tangu hapo wamisionari huweza kuzungumza na familia zao kila wiki. Ninawafurahia kwa moyo wote, maana naikumbuka vizuri ile njaa ya kusikia sauti moja.

Asubuhi tulikwenda kwenye mkutano wa sakramenti. Ilisomwa sura ya pili ya Luka, ile inayoanza na amri ya Kaisari Augusto kwamba watu wote waandikwe, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba Mariamu naye alijifungua mbali na mama yake. Nilijikaza mpaka mwisho wa ibada. Kilichonivunja kilikuwa nje: baba mmoja alipiga goti moja mlangoni kumfunga mwanawe kamba za viatu, akazivuta, akazijaribu kwa kidole kama zimekaza, kisha wakaondoka wameshikana mikono. Niliangalia pembeni, nikijifanya nanyoosha beji yangu ya jina.

Wamisionari hutumikia wawili wawili, na mtu hamwachi mwenzake peke yake. Kwa hiyo hata simu ya nyumbani hupigwa mwenzako akiwa papo hapo. Mwenzangu alikuwa katika Krismasi yake ya pili, na usiku uliotangulia alikuwa amenishauri niandike niliyotaka kusema, kwa sababu, alisema, nikisikia sauti ya mama yangu nitasahau yote. Niliandika mambo kumi na moja nyuma ya karatasi ya ratiba. La kumi na moja lilikuwa neno moja tu, "kurudi", na nililifunika kwa kiganja ili asilione.

Saa ilipofika, aligeuza kiti chake kikatazama ukuta, akafungua Kitabu cha Mormoni, mojawapo ya maandiko matakatifu ya kanisa letu, mapajani, akainamisha kichwa.

Baba ndiye aliyepokea. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, Mzee," kwa cheo tunachoitwa wamisionari wa kiume hata tukiwa vijana wadogo, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Hakusema mengi zaidi; hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi. Wadogo zangu walinyang'anyana simu, kila mmoja akitaka kunieleza jambo ambalo mwingine alikuwa amekwisha kulieleza. Tulikuwa tumepanga dakika 40, na Mama aliwaachia wote kwanza, kama anavyofanya siku zote, hata zikabaki chache.

Alipoishika simu nilikiangalia kikaratasi changu nisione herufi hata moja. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Katika ukimya huo nilisikia, nyuma yake, mlango wa nyumbani kwetu ukikwaruza sakafu. Mlango ule ulikuwa umelegea bawaba, na ili ufunguke bila kelele ilibidi uuinue kidogo kwa mkono kabla ya kuusukuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuinua, kwa miaka mingi, bila kuwaza.

"Mama, mlango bado haujatengenezwa," nilisema. Ndilo neno la kwanza nililomwambia baada ya miezi mitatu.

"Bado, mwanangu. Wadogo zako wanauburuta tu," alijibu. Kisha akasema polepole, "Ukikwaruza sishtuki. Siku mtu akiufungua bila kelele, ndipo ninapoinua kichwa nikidhani ni wewe."

Nililia, wala sikuona haya. Nikamwambia kwamba ninawakumbuka mno na kwamba kuna siku natamani kurudi. Hakunikemea wala hakunihubiria. Alisema anajua, aliliona hilo katika barua zangu, na kwamba kila jioni wanaomba wakinitaja kwa jina. Halafu akaniuliza kama mwenzangu ameshapiga kwao. Nilipomwambia bado, alisema, "Basi usimcheleweshe. Naye ana mama anayesubiri." Baba aliombea familia, sote tukaitikia amina, na simu ikakatika.

Niligeuka. Kitabu cha mwenzangu kilikuwa wazi kwenye ukurasa ule ule aliouanzia. Alinitazama mara moja, akaniwekea mkono begani, akaichukua simu na kuanza kubonyeza namba ya kwao bila kuiangalia popote. Nikakaa kwenye kile kiti, nikautazama ukuta, nikafungua kitabu changu mapajani. Nyuma yangu nilimsikia akisema, "Mama?" na baada ya hapo kwa muda mrefu hakusema kitu.