Eti nimlishe mimi tena

Siku niliyoenda kutafuta namna ya kumfunga mtalaka wangu nilivaa vizuri, nikapaka na wanja kabisa, maana niliona leo ndo leo. Miezi inapita hajatuma hata mia ya matunzo aliyoamriwa na mahakama, simu hapokei, meseji anasoma hajibu, na dada zangu wote wimbo mmoja, mfunge huyo, akilala ndani wiki moja tu hela utaiona. Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu, kijana mpole sana, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Mama, hela ya chakula chake unayo?" Nikamuuliza chakula cha nani. Akasema cha huyo bwana, mfungwa wa madai, yaani mtu anayefungwa kwa deni, analishwa na yule aliyeomba afungwe, hela unaiweka mahakamani kabla hajakamatwa, usipoweka hakamatwi, na ukiacha kuweka katikati anatoka anarudi kwake.

Miaka yote ile nimempikia huyo mtu. Eti nimlishe mimi tena.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Tuliachana kihalali kabisa, tukapita baraza la usuluhishi likashindwa likatupa ile fomu namba 3 ya kuonyesha limeshindwa kutupatanisha, tukaenda mahakama ya wilaya, sitaitaja ni ipi, talaka ikatoka. Kwenye mgawanyo mi nikapata nyumba ya Chanika ambayo ilikuwa haijaisha hata plasta, yeye akabaki na nyumba ya Mbagala anayoishi pamoja na banda la vyumba vya kupangisha lililo mtaa wa pili. Watoto wetu wameshakuwa watu wazima kwa hiyo hapakuwa na habari ya watoto. Ila hakimu aliangalia kwamba kipindi chote kile sikuwa na kazi yangu, mgongo wangu wenyewe mbovu siwezi kuinua ndoo, na mwenzangu ana mshahara, akaamuru anipe laki mbili kila mwezi.

Nikiwaambia watu hivi wananishangaa. Wengi wanajua matunzo ni ya watoto tu, mwanamke akiachwa basi abebe begi lake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kumwamuru mwanaume amtunze aliyekuwa mke wake, na hata mwanamke anaweza kuamriwa amtunze mwanaume kama amepata ulemavu au ugonjwa hawezi kujitafutia. Sio zawadi ya kila mtu, hakimu anapima kipato cha huyu na shida za huyu. Na ukiolewa tena imeisha hiyo, kumbuka hapo maana nitarudi.

Alilipa miezi mitano. Wa sita akasema mambo magumu, wa saba akanyamaza. Na mi nikanyamaza, hapa ndo nilipokosea kuliko kote, nilikuwa najua mahakama yenyewe itaona, si ndio walioamuru, nikawa kama mtu aliyepanda mahindi anasubiri mvua. Hakuna anayeona chochote jamani. Ile hukumu ikishasomwa faili linarudi kabatini na hakuna mtu pale kazi yake ni kuhesabu fulani kalipa fulani hajalipa, ni wewe urudi uombe hukumu ikaziwe, yaani mahakama imlazimishe atekeleze. Hilo neno nilikuwa silijui kabisa, kukazia hukumu, nilidhani hukumu inatoka ikiwa imekaza tayari.

Nikaanza kuhangaika. Unahitaji nakala ya hukumu na nakala ya tuzo, ile karatasi yenye amri yenyewe kwa kifupi, ni karatasi mbili tofauti, mi nilikuwa nayo moja tu nikaenda mara tatu kufuata ya pili. Halafu maombi yenyewe siku hizi yanapitia kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni, ukienda na karatasi mkononi unaambiwa nenda kapandishe, nikakaa steshenari mchana mzima na binti wa watu ananiskania. Nikaandika ananidai, samahani, namdai miezi tisa, milioni moja na laki nane. Nilikuwa nahesabu kwa kichwa. Yeye akaja na kithibitisho kwamba mwezi mmojawapo alilipa, na kweli alilipa, alikuwa ameweka hela kwa wakala moja kwa moja kwenda namba yangu, kwa hiyo meseji ilikuja na jina la wakala mi nikaisahau kabisa nikajua labda ni mwanangu ametuma. Niliona aibu mbele ya hakimu. Ikakatwa ikabaki milioni moja na laki sita. Tangu hapo nachukua taarifa ya miamala ya simu kila baada ya miezi michache naiprinti, na kila hela inayoingia naandika palepale imetoka wapi.

Mpango wa kwanza ulikuwa mshahara. Alikuwa dereva wa kampuni, na mwajiri akipata amri ya mahakama anaruhusiwa kumkata mfanyakazi kabla hela haijafika mkononi, nikaona hii ndo safi kabisa, sitaonana na mtu, hela inakuja yenyewe. Barua ikaenda, jibu likarudi kwamba mkataba wake umeisha. Umeisha lini? Mwezi uleule aliopata wito. Sisemi kitu hapo, kila mtu ana akili zake.

Nikawaza vitu vya ndani, lile sofa, ile tivii kubwa niliyoisumbukia mimi kwa hela ya kikoba. Yule kijana akanielewesha kwamba dalali wa mahakama habebi kila kitu, kitanda na vyombo vya kupikia na nguo haviguswi, vifaa vya mtu vya kufanyia kazi haviguswi, nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake haiguswi, na dalali mwenyewe ana gharama zake, sofa la zamani likipigwa mnada utashangaa linaenda kwa bei ya kuku watatu. Nikaachana nalo.

Hapo ndo mawazo ya jela yalinirudia na ndo siku ile ya wanja. Mbali na hela ya chakula akanipa mengine mawili ya kufikiria. Kwanza kifungo cha madai kina mwisho, hakizidi miezi 6, na akitoka deni lipo palepale halijafutika kwa sababu amelala ndani, ila kumfunga tena kwa deni lilelile huwezi. Pili kabla ya kufungwa anaitwa kwanza ajieleze kwa nini asipelekwe, akiweza kuonyesha kweli hana kitu hakimu hamfungi, kufungwa ni kwa mtu anayeweza kulipa halafu anakataa. Kwa hiyo mzigo unarudi palepale, hela yake iko wapi. Kijana akasema mama, badala ya kumtafuta yeye tuitafute hela, akaombewa aje ahojiwe kuhusu mali zake akiwa chini ya kiapo.

Akaja. Shati jeupe, amekonda kidogo, roho ikaniuma nusu sekunde. Akaapa hana kazi, hana akaunti yenye kitu, anasaidiwa na ndugu. Kuhusu vile vyumba akasema viko vitupu, vinavuja, hakuna mpangaji. Halafu akaongeza la kwake, kwamba hata hivyo mimi nimeshaolewa kwa hiyo hadaiwi. Nimeolewa na nani? Kumbe kuna mtu alimwambia ameona mwanaume juu ya paa langu. Alikuwa fundi bati! Nilimlipa kwa awamu na risiti ninayo. Karani alishindwa kujizuia, akainamisha kichwa kwenye meza yake.

Sasa hivyo vyumba. Vyumba vitatu hivyo nimevisimamia mimi tangu msingi, na kodi nilikuwa nakusanya mimi, kila kitu kwenye kaunta buku, jina la mpangaji, ameingia lini, amelipa mpaka lini, elfu sabini kwa mwezi na tunachukua miezi 6 kwa mkupuo kama ilivyo Dar nzima. Wapangaji wawili wale ni wa miaka mingi, mmoja fundi cherehani, nilikuwa na namba zao. Niliwapigia tu kuwasalimia, nikajua wapo, na nikajua kodi zao zinaiva mwezi unaofuata. Buku nikaenda nalo mahakamani, mwandiko wangu, na sahihi yake yeye mwenyewe kwenye kurasa nyingi tu pale alipokuwa anachukua hela yake.

Hakimu alilifungua taratibu, akamwangalia, akalifunga.

Kilichoombwa ni amri kwa wapangaji, sio kwake. Sheria inaruhusu kukamata hela ya mdaiwa ikiwa bado iko mikononi mwa mtu mwingine, benki au mpangaji au yeyote anayedaiwa na huyo mdaiwa, yule mtu anazuiwa asimpe, anaielekeza mahakamani. Muda ndo kila kitu hapo, kwa sababu mpangaji wa Dar akishalipa miezi 6 amelipa, ukichelewa siku tatu tu hela imeshakuwa bia na wewe unasubiri nusu mwaka mwingine. Amri ilitoka Alhamisi, Jumatatu fundi cherehani alikuwa alipe. Wikiendi ile sikulala, nilikuwa naona kabisa mtalaka wangu atamfuata Jumapili usiku achukue chake. Bahati yake mbaya alikuwa amesafiri msibani.

Wawili wakalipa kwa kontro namba, laki nne na ishirini kila mmoja, jumla laki nane na arobaini. Wa tatu zamu yake bado miezi miwili. Kwenye zile milioni moja na laki sita zimebaki laki saba na sitini, na miezi mipya inaendelea kujiandika. Wifi yangu ambaye bado tunapatana ananiambia kaka yake amekasirika, anasema nimemdhalilisha kwa wapangaji wake. Juzi kwa mara ya kwanza kanitumia laki moja kwa simu yake mwenyewe, jina lake kamili limetokea, nimeiandika.

Jana usiku meseji imeingia, nikajua ni yeye. Kumbe fundi cherehani: "Shikamoo mama. Ile kodi si nimepeleka mahakamani. Sasa choo kimeziba, nimwambie hakimu au nikwambie wewe?"