Mwavuli tu

Nimerudi Chengdu, huku China, tangu Jumapili na bado namsikia yule bibi.

Mnajua nilivyouhesabia siku mlima Emei. Nikaupanda mvua ikinyesha: basi hadi Leidongping, ngazi zenye utelezi, koti zito la kukodi lililonuka jasho la watu mia, kisha kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Kileleni, mita 3,077, hakuna kitu. Sanamu ya Puxian, mtakatifu wa Kibuddha anayepanda tembo, ina mita 48, yote imepakwa dhahabu, nyuso kumi. Nilisimama chini yake nikaona miguu ya tembo wake na mkonga mmoja. Kwingine kote ukungu, mzito kama uji wa mchele.

Hapo ndipo bibi akanigusa mkono. Mfupi, kajifunika nailoni ya buluu, kafumbata vijiti vitatu vya udi. Akasema neno, upepo ukalichukua. Nami, baada ya miaka miwili ya kuombwa picha, mgeni mimi, kila stendi, nikamkatiza kwa Kichina changu chote: "Samahani, leo sipigi picha." Ipo samahani ya kumfungia mtu mlango. Ndiyo hiyo.

Akanitazama. Hakukasirika, angekasirika ningekuwa nimeshalala usingizi.

"Mwavuli," akasema. "Mwavuli wako tu, kijana."

Nikamkingia. Moto ulishika mara ya nne. Akainama mara tatu, akachomeka udi kwenye majivu yaliyolowa, akaenda zake kulizunguka sanamu asiloliona. Nani aliniambia kila anayenisogelea anataka sura yangu? Na kwa nini nilisema "leo", kama staa mwenye ratiba?

Wiki hii pendekezo la tasnifu limepita na binti wa mama mkubwa kachumbiwa.

Jana nikamtumia mama picha ya kileleni. Akapiga papo hapo kutoka Moshi.

"Mwanangu, mbona umenitumia karatasi?"

"Ndiyo sanamu yenyewe, mama. Imo humo ndani."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Hata Kibo hujifunika hivyo hivyo wageni wakija na kamera zao." Nikacheka naye, mara ya kwanza tangu nishuke, nikamsimulia na habari ya mwavuli. Akaguna tu, "Mh." Ile guna yake mnaijua.

Kisha akaniambia, kama jambo la kupita, kwamba mparachichi wa nyuma ya jiko umeanza kulalia paa. Fundi hapokei simu, na masika ndiyo kwanza yameanza.