Jumatatu yangu: napiga hesabu za poka, sichezi

Saa kumi na moja alfajiri. Jumatatu ndiyo siku yangu nzito kuliko zote, kwa sababu mashindano makubwa ya poka ya mtandaoni huchezwa Jumapili, na Jumapili usiku ya Marekani na Kanada ni Jumatatu alfajiri ya Unguja. Nikimaliza kuswali nafungua kompyuta, nakuta mafaili yameshajaa. Kuna wateja ndiyo kwanza wametolewa mezani, hasira hazijapoa, na wameshatuma mchezo wao wakitaka kujua walikosea wapi. Wengi wao, ukweli, wanataka waambiwe hawakukosea.

Nieleze kazi yenyewe, maana hapa Michenzani inasemwa vingine. Kuna kampuni ya nje inayofundisha watu poka ya mashindano, na mie ni mmoja wa wanaoipigia hesabu. Mchezaji huleta kumbukumbu ya mchezo wake: nani alikuwa na chipu ngapi, yaani vile vidonge vya kuwekea dau, dau la lazima ambalo wawili hulipa kwa zamu kabla ya karata lilikuwa kiasi gani, zawadi ziligawanywa vipi, kila mmoja alifanya nini. Mie nachukua migao, yaani zile raundi za kugawa karata, iliyokuwa na uamuzi mgumu, naiingiza kwenye programu, naisoma, kisha naandika ripoti. Sichezi. Siweki hata senti. Nilisoma hesabu chuoni, na hii ni hesabu, tena hesabu nzuri kuliko nyingi nilizofundishwa darasani.

Saa moja chai ya maziwa na mkate wa kumimina, nakunywa huku nasoma. Mpaka saa tatu ripoti za wepesi zinakuwa zimetoka, watu wanashukuru, basi.

Saa tatu na nusu ndipo alipoingia yeye.

Huyu mteja anacheza mashindano madogo ya meza moja. Zawadi yote ilikuwa dola 1,000: wa kwanza 500, wa pili 300, wa tatu 200, wa nne hapati kitu. Walikuwa wamebaki wanne, kwa hiyo akitoka mmoja tu, waliobaki wote wana pesa. Hapo ndipo mashindano yanapokuwa magumu, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Mteja wangu alikuwa na chipu 5,400. Kulia kwake tajiri wa meza, mwenye 8,600. Mwingine 5,000. Na wa mwisho, kushoto kwake, maskini wa Mungu amebakiwa na 1,000 wakati dau dogo la lazima ni 200 na kubwa ni 400.

Mgao ukaja. Maskini akatupa karata zake, mwenye 5,000 naye akatupa. Tajiri, aliyekuwa kwenye dau dogo, akasukuma chipu zake zote katikati. Mteja wangu yuko kwenye dau kubwa, anafungua karata zake mbili: ree ya kopa na mfalme wa kopa. Akakubali, naye akaweka zake zote. Tajiri akafunua nane na tano, takataka tupu. Karata ya mwisho ya mezani, ile ya wote, ikawa tano, tajiri akapata jozi. Mteja akatoka wa nne, mikono mitupu.

Nilimwandikia sentensi mbili: bahati ilikuwa mbaya, lakini kukubali kulikuwa kosa, ungezitupa. Majibu yake yalinichukua mpaka jioni.

Kwanza aliandika, "Nilikuwa mbele." Ni kweli, alikuwa mbele. Kisha akaleta hesabu yake: alitakiwa kuongeza chipu 5,000 ili ashinde jumla ya 10,800 zilizo katikati, kwa hiyo akishinda mara 46 katika 100 inamlipa. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa mahali ambapo kila chipu ni pesa. Kwenye mashindano huwezi kuinuka na chipu zako ukabadilishe dirishani. Chipu zinakupa nafasi ya kushika daraja fulani, na daraja ndilo linalolipwa. Ukishika chipu zote za meza hupewi dola 1,000, unapewa 500. Kwa hiyo chipu unayoipata haina thamani ya chipu unayoipoteza, na kadiri unavyokaribia zawadi ndivyo pengo linavyopanuka. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akajibu kwamba hizo ni nadharia za watu wasiocheza.

Saa sita kasoro umeme ukakatika. Feni ikasimama, intaneti ikaondoka, betri ya kompyuta imebaki nusu na mteja bado anaandika. Nikaweka mtandio, nikateremka ngazi, nikatembea mpaka Darajani kwenye duka la ami yangu la vitambaa, ambako kuna jenereta. Jua la utosi, daladala zinapigiana honi, mie nimekumbatia kompyuta.

Barazani mbele ya duka wamekaa wazee. Nikawaamkia, wakaitikia vizuri. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, ile kazi yako ya kamari bado unayo?"

Swali hili naulizwa sana, na huwa silipitii juu juu, kwa sababu anayeniuliza ana haki ya kuniuliza. Nikakaa pembeni yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, mie sichezi. Napiga hesabu ya mtu aliyekwishacheza." Akataka kujua hesabu gani. Nikampigia mfano wa muuza samaki: ana mtaji wa siku moja, akiukosa kesho haendi mnadani. Anakuja mtu anamwambia, tushindane, ukishinda mtaji wako unazidi mara mbili, ukishindwa unakwenda nyumbani. Mtaji ukizidi mara mbili hauzai faida mara mbili, maana wateja wa samaki ni wale wale. Ukipotea, umepotea wote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hesabu nzuri hiyo. Mahali pake ndiyo pabaya." Nikamwambia nimemsikia. Sikubishana naye. Tunaheshimiana, na Jumatatu nyingine ataniuliza tena.

Ndani ya duka, ami akanisogezea kiti nyuma ya majora ya khanga. Mteja alikuwa ameshaandika tena, safari hii anadai programu yetu ina hitilafu. Hapo nikaona dawa ni kuacha programu. Nikachukua penseli na daftari la ami la madeni, ukurasa wa nyuma, nikamfanyia kwa mkono, nikapiga picha nikamtumia.

Njia yenyewe haikuzaliwa kwenye poka. Mwaka 1973 mwanatakwimu David Harville alichapisha namna ya kukadiria nafasi ya farasi kushika wa pili na wa tatu, ukishajua nafasi ya kila mmoja kuwa wa kwanza. Mwaka 1987 Mason Malmuth akaileta kwenye mashindano ya poka, chipu zikachukua mahali pa uwezo wa farasi. Inakwenda hivi.

Tuseme mteja amezitupa. Dau lake la 400 limekwenda, kabaki na 5,000. Tajiri ana 9,000, mwingine 5,000, maskini 1,000. Jumla 20,000. Nafasi yake ya kuwa wa kwanza ni 5,000 kwa 20,000, robo. Nafasi ya pili unaitafuta kwa kumwondoa mshindi mmoja mmoja. Akishinda tajiri, ambaye nafasi yake ni asilimia 45, zinabaki chipu 11,000 na tano kati ya kumi na moja ni za mteja: 45 mara 5 gawa kwa 11, inatoka 20 na ushei. Unafanya vilevile kwa mwenye 5,000, unafanya kwa maskini, unajumlisha: asilimia 30. Nafasi ya tatu ndiyo inayochosha mkono, maana kuna njia sita za watu wawili kumtangulia, na kila njia ina kuzidisha kwake. Inatoka asilimia 34. Sasa weka pesa: robo ya 500 ni 125, asilimia 30 ya 300 ni 90, asilimia 34 ya 200 ni 68. Yaani kuzitupa zile karata na kukaa kimya kulikuwa na thamani ya dola 283.

Kisha tuseme amekubali na ameshinda. Ana 10,800, tajiri kashuka 3,200. Ukurasa mwingine mzima wa penseli: wa kwanza asilimia 54, wa pili 31, wa tatu 13. Dola 389.

Angalia hapo, maana ndipo kazi yangu yote ilipo. Chipu zake zimezidi zaidi ya mara mbili, pesa yake imeongezeka dola 106 tu. Akishindwa anapoteza 283 yote. Gawa 283 kwa 389: anahitaji kushinda karibu mara 73 katika 100 ili akubali. Si 46. Sabini na tatu!

Na ree na mfalme wa kopa, hata tukimpa mteja nafuu kubwa kabisa, tukisema tajiri anasukuma kwa karata zozote mbili bila kuangalia, hushinda mara 67. Alikuwa mbele, nami nimekubali tangu asubuhi kwamba alikuwa mbele. Hakuwa mbele vya kutosha. Kwa karata zozote mbili za tajiri, jozi ya kumi inatosha kukubali, jozi ya tisa haitoshi, na ree na mfalme haifiki hata huko. Kukubali kulikuwa na thamani ya dola 261 dhidi ya 283 za kutupa. Ametupa dola 22 katika sekunde chache, na angezitupa hata kama ile tano isingetoka.

Alasiri iliadhiniwa nikiwa bado pale. Umeme ulirudi, nikarudi nyumbani, mama alikuwa ameniwekea wali wa nazi na mchuzi wa pweza, nikala kwa mkono mmoja. Sijui ilikuwa saa ngapi mteja aliposema kwamba hesabu yangu haijui yeye ni mchezaji hodari kuliko wale watatu. Hoja hiyo ina maana, na nilifurahi kuipata, kwa sababu njia ya Harville kweli haijui nani hodari, wala haijui nani anafuata kulipa dau. Lakini vyote viwili vilikuwa vinamwelemea yeye. Kama ni hodari, ndiyo zaidi asiuweke uhai wake wote kwenye mgao mmoja, angoje migao ambayo uhodari wake utafanya kazi. Na nani alikuwa anafuata kulipa dau kubwa? Yule maskini wa kushoto. Mgao unaofuata angetoa 400 katika 1,000 yake, apende asipende.

Akauliza basi tajiri alipata wapi ujasiri wa kusukuma nane na tano. Nikamwambia ndiyo swali zuri kuliko yote aliyouliza leo. Tajiri aliijua hesabu hii. Alijua mtu wa chipu 5,400 anatakiwa atupe karibu kila kitu, kwa hiyo alikuwa anaokota madau bila upinzani, na hata akishindwa anabaki mezani na 3,200. Ukiwa na fungu kubwa la chipu ukingoni mwa zawadi, watu wa kuwabana ni wa fungu la kati, kwa sababu wao ndio wana cha kupoteza. Maskini hana cha kulinda, anakubali kwa karata yoyote ya maana. Mteja wangu alisoma karata za tajiri, mie ningetaka asome mafungu.

Kimya kirefu. Macho yalikuwa yanauma, mgongo nao. Nilishusha ripoti nyingine tatu au nne zilizokuwa zimelala tangu asubuhi, nyepesi zote, sikumbuki hata moja ilisema nini. Baada ya magharibi akajibu: anaomba picha ya ukurasa wa pili tena, ile ya kwanza mstari wa nafasi ya tatu haukusomeka. Hakushukuru, hakukubali. Lakini mtu asiyeamini haombi mstari wa nafasi ya tatu. Nikamwandikia upya kwa wino.

Mama aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia nimebakiza moja ya kesho, naifungua tu niione. Ni ya mashindano ya tiketi, ambayo hayatoi pesa: watu kumi wa mwisho kubaki mezani kila mmoja anapata tiketi ile ile ya kuingia mashindano makubwa, wa kwanza hapati zaidi ya wa kumi. Wamebaki kumi na mmoja, mteja ana fungu la pili kwa ukubwa, mwenye fungu kubwa kuliko wote amesukuma zote, na mteja ameshika ree mbili, karata mbili za kuanzia bora kuliko zote kwenye poka hii. Anauliza kama alifanya vibaya kuzitupa.

Alifanya vizuri sana, na kesho saa moja nitaanza na yeye.